Bwana Lever, Mtu wa Sabuni na Mawese

I. Mtoto wa dukani

Watoto, kila siku mnapofua nguo zenu mtoni au nyumbani, mnashika sabuni mikononi. Leo tutasoma habari za mtu mmoja aliyepata mali nyingi kwa kitu hicho kidogo. Alikuwa Mwingereza, lakini mali yake ilitoka pande nyingi za dunia, na sehemu kubwa ilitoka katika mingazi ya Kongo yetu. Kwa hiyo habari zake ni habari zetu pia.

Tarehe 19 Septemba 1851, katika mji wa Bolton, nchi ya Uingereza, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa William Hesketh Lever. Baba yake, James Lever, alikuwa na duka la vyakula. Watoto wa nyumba ile walikuwa kumi. William alikuwa wa saba, naye ndiye mwanamume wa kwanza, kwa maana wote waliomtangulia walikuwa wasichana.

Bolton ulikuwa mji wa viwanda vya pamba. Mashini zilivuma mchana kutwa, na moshi wa makaa ya mawe ulifunika nyumba. Wafanyakazi walirudi jioni wakiwa weusi kwa masizi. Nguo zao zilikuwa chafu, na wake zao walizifua kwa taabu nyingi. Katika mji wa namna hiyo kila nyumba ilihitaji sabuni.

William alipopata miaka 16, baba yake alimtoa shuleni, akamtia dukani. Hakumpa kazi ya kukaa kitini. Siku zile sukari ilifika dukani kama mawe makubwa, ilibidi kuyaponda. Sabuni nayo ilifika kama magogo marefu, ilibidi kuyakata vipande, kisha kuvifunga katika karatasi. Kazi hizo mbili alipewa kijana. Aliamka mapema, akakata sabuni, akaponda sukari, akafagia duka. Baadaye alijifunza kuandika hesabu. Tena alipewa farasi na gari, akazunguka vijijini kuuliza wenye maduka madogo wanataka kununua nini.

Hivyo alijifunza mambo mengi. Alijua bei ya kila kitu. Alijua mama wa nyumbani anapenda nini na anachukia nini. Alipokuwa na miaka 21 baba yake alimfanya mshiriki wa duka. Mwaka 1874 alimwoa Elizabeth Hulme, msichana wa mji uleule, ambaye alimjua tangu utoto.

II. Sabuni yenye jina

Wakati ule sabuni haikuwa na jina. Mama alikwenda dukani, akaomba kipande, mwuzaji akakata katika gogo, akapima kwa mizani. Leo kipande ni kizuri, kesho ni kibaya. Mnunuzi hakuweza kujua nani aliyeitengeneza.

Lever alifikiri sana juu ya jambo hilo. Aliona kwamba mama akipata sabuni njema atataka kuipata tena ileile, lakini ataiombaje kama haina jina? Basi mwaka 1884 alichagua jina Sunlight, maana yake mwanga wa jua, akaliandikisha serikalini ili mtu mwingine asilitumie. Kwanza alinunua sabuni kwa watu wengine, akaiuza kwa jina lake. Lakini wengine walimtengenezea sabuni mbaya, hata jina lake likaanza kuharibika. Ndipo alipokata shauri kuitengeneza mwenyewe. Mwaka 1885, pamoja na ndugu yake James, alikodi kiwanda kidogo katika mji wa Warrington.

Sabuni hupatikanaje? Huchukuliwa mafuta, nayo hupikwa pamoja na dawa kali inayofanana na maji ya majivu. Mafuta na dawa hiyo vikichanganyika vizuri, hugeuka kuwa sabuni. Wazee wetu pia walijua jambo hilo, walipopika mawese pamoja na majivu. Zamani, huko Uingereza, watu walitumia sana mafuta ya wanyama. Lever na mafundi wake walitia zaidi mafuta ya mimea, kama ya nazi, ya mbegu za pamba, na ya kokwa za ngazi. Sabuni yao ilitoa povu upesi, haikuhitaji kusuguliwa sana.

Tena Lever hakuuza magogo. Alikata sabuni vipande vilivyo sawa, akavifunga kila kimoja katika karatasi nzuri yenye jina, akavitia katika sanduku. Alilipa fedha nyingi ili jina Sunlight liandikwe kutani, katika magazeti, na katika vituo vya gari la moshi. Wafanya biashara wengine walimcheka, wakisema anatupa fedha. Lakini mwanzoni kiwanda chake kilitoa tani 20 kwa juma, na mwanzo wa mwaka 1888 kilikuwa kimefika tani 450 kwa juma. Waliocheka walinyamaza.

III. Mji wa Port Sunlight

Kiwanda cha Warrington kikawa kidogo mno. Lever alitafuta mahali penye nafasi, karibu na mto mkubwa ili meli zifike, na karibu na njia ya gari la moshi. Alipata ardhi yenye matope ukingoni mwa mto Mersey, ng'ambo ya Liverpool. Mahali pale hapakupendeza macho. Walakini Lever alipanunua, akakausha matope, na mwezi wa Machi 1888 mke wake alichimba udongo wa kwanza. Mahali hapo pakaitwa Port Sunlight.

Hakujenga kiwanda tu. Alijenga mji mzima kwa ajili ya wafanyakazi. Katika miji ya viwanda watu walikaa kwa kubanana, familia nzima katika chumba kimoja au viwili, bila hewa wala maji safi. Lever alikuwa ameyaona hayo Bolton tangu utoto. Basi alijenga nyumba nzuri, zenye vyumba vya kutosha, na bustani mbele. Alijenga shule, hospitali, kanisa, nyumba ya vitabu, na viwanja vya michezo. Kazi iliendelea miaka mingi, hata nyumba zikawa karibu 800. Wageni walitoka nchi za mbali kuutazama mji ule.

Lakini kila jambo lina upande wa pili. Nyumba zilikuwa mali ya Lever. Mtu aliyeacha kazi aliacha na nyumba. Bwana wa kiwanda ndiye aliyeamua mji utakavyokuwa, na watu waishi namna gani. Wafanyakazi wengi walishukuru. Wengine walisema ni heri mshahara mkubwa zaidi mkononi, ili kila mtu ajichagulie mwenyewe. Lever alipenda kutenda mema, lakini alipenda pia kuamuru.

Mwenyewe aliishi maisha magumu kwa hiari yake. Aliamka kabla ya mapambazuko. Alilala katika chumba kisicho na dari, upepo na mvua zikimfikia, hata wakati wa baridi kali. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nguvu, na uzeeni masikio yake yalikuwa mazito.

IV. Biashara zinaongezeka

Lever hakuridhika na sabuni moja. Alitengeneza Lifebuoy, sabuni yenye dawa ya kuua vijidudu. Kisha Lux, sabuni ya vipande vyembamba kwa nguo laini. Na mwaka 1904 alitoa Vim, unga wa kusugulia vyombo. Alijenga viwanda katika nchi nyingi za Ulaya, tena Marekani na Australia. Katika visiwa vya Solomon, bahari ya Pasifiki, alipanda mashamba makubwa ya minazi.

Mwaka 1906 alichaguliwa kuwa mjumbe katika Bunge la Uingereza, akakaa humo hata mwaka 1909. Lakini mwaka uleule wa 1906 alipata shida kubwa. Yeye na wenye viwanda vingine vya sabuni walipatana kuungana wasishindane tena. Magazeti yalikasirika, yakaandika kwamba watu hao wanataka kupandisha bei na kuwapunja wanunuzi. Wanunuzi wengi waliiacha sabuni ya Lever, na mapatano yale yalivunjika. Lever aliwashitaki wenye magazeti kwa sababu ya mambo ya uongo waliyomwandikia. Mwaka 1907 alishinda, na gazeti moja tu, jina lake Daily Mail, lilimlipa paundi 50,000. Fedha alizopata katika mashitaka hayo aliipa Chuo Kikuu cha Liverpool, na sehemu yake ilisaidia shule ya kuchungua magonjwa ya nchi za joto.

V. Njaa ya mafuta

Kiwanda cha sabuni ni kama tumbo kubwa. Kila siku kinataka mafuta. Watu wengine walianza kutumia mafuta ya mimea kwa kutengeneza margarini, yaani siagi isiyo ya maziwa. Bei ya mafuta ikapanda. Lever akaogopa. Alisema moyoni kwamba mwenye kununua mafuta kwa wengine ni mtumwa wa bei yao. Akataka mafuta yake mwenyewe, tangu mtini hata kiwandani.

Alitazama Afrika ya Magharibi, ambako kuna michikichi mingi, ile tunayoiita mingazi. Aliomba ardhi kubwa katika makoloni ya Waingereza. Watawala wa Kiingereza walikataa kumpa kama alivyotaka, kwa sababu hawakupenda kuwanyang'anya wenyeji ardhi yao. Ndipo alipogeuka kwa Wabelgiji.

Mwaka 1908 Kongo ilikuwa imetoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, ikawa koloni la Ubelgiji. Dunia yote ilikuwa imesikia habari za ukatili uliofanywa huko kwa sababu ya mpira. Wabelgiji walitaka jina jema. Tena walitaka fedha. Tarehe 14 Aprili 1911 Serikali ya Ubelgiji ilitia sahihi mapatano na Lever. Kampuni mpya ikaanzishwa, ikaitwa Huileries du Congo Belge, maana yake viwanda vya mafuta vya Kongo ya Wabelgiji. Watu waliiita kwa kifupi H.C.B.

Mapatano yalikuwa hivi. Kampuni ilipewa maduara matano katika nchi, kila duara kilometa 60 kutoka katikati hata ukingoni. Ndani ya maduara hayo ingeweza kuchukua ardhi yenye michikichi, hata kufika hekta 750,000 kwa jumla. Nayo ilipaswa kujenga viwanda, shule na hospitali, na kumlipa mtu mzima angalau santimu 25 kwa siku.

Maduara yalipewa majina ya kigeni. Lusanga, pale mito ya Kwilu na Kwenge inapokutana, pakaitwa Leverville. Karibu na Bumba pakaitwa Alberta, kwa jina la Mfalme Albert. Barumbu pakaitwa Elisabetha, kwa jina la Malkia. Mengine mawili yaliitwa Brabanta na Flandria. Wenyeji hawakuulizwa juu ya majina hayo, wala juu ya mapatano yenyewe. Michikichi ile babu zao waliitunza na kuila, lakini Serikali ilisema ardhi isiyo na nyumba wala shamba ni yake.

Kazi ilianza upesi. Ngazi zikikatwa hazifai kukaa siku nyingi. Mafuta yake huharibika. Kwa hiyo kiwanda lazima kiwe karibu na miti. Mashini zilivunjwa vipande huko Ulaya, zikapandishwa katika meli, kisha katika gari la moshi, kisha katika mashua za mtoni, zikaunganishwa tena porini. Mwaka 1912 mafuta ya kwanza ya Lusanga yalifika Ulaya. Mwisho wa mwaka ule Lever na mke wake walikuja Kongo wenyewe. Walisafiri mitoni kwa miezi, wakitazama viwanda na michikichi. Mke wake alirudi Uingereza, na mwezi wa Julai 1913 alifariki. Lever alihuzunika sana. Baadaye, alipopewa cheo cha heshima na Mfalme wa Uingereza, aliunganisha jina lake na la mke wake, akaitwa Leverhulme.

VI. Wakata-ngazi

Sasa tuangalie kazi ya wale waliokata ngazi.

Mkata-ngazi hujifunga mshipi wa kamba unaozunguka kiuno chake na shina la mti. Hupanda juu sana, na panga lake mkononi. Miiba humchoma, nyoka na nyuki humtisha. Hukata mkungu, nao huanguka chini kwa kishindo. Akiteleza, au kamba ikikatika, huanguka yeye. Kisha mikungu huchukuliwa kichwani, mara nyingi na wanawake na watoto, njia ndefu hata mahali pa kupimia.

Kazi hiyo wenyeji waliijua tangu zamani. Waliifanya kwa ajili ya nyumba zao, kwa kadiri ya haja yao. Lakini kampuni ilitaka mikungu mingi, kila siku, mwaka mzima, na malipo yalikuwa madogo. Watu wengi hawakutaka. Basi zilitafutwa njia za kuwalazimisha. Serikali iliwatoza kodi ya kichwa, nayo ilipaswa kulipwa kwa fedha. Na fedha zilipatikana wapi, kama si kwa kampuni? Wakubwa wa vijiji walipewa zawadi ili watoe vijana wao. Watumishi wa Serikali walifuatana na wale waliotafuta watu wa kazi. Aliyekataa alitiwa gerezani, au alipigwa kiboko. Tena ndani ya duara, mwenye ngazi hakuwa na ruhusa ya kumwuzia mnunuzi mwingine. Ilibidi aiuzie kampuni kwa bei ya kampuni.

Vijana wengi walitolewa mbali na nyumba zao, katika nchi za Wapende, Wambala na Wayanzi. Walikaa katika kambi, nyumba zao zikiwa mbovu na chakula hakitoshi. Mwaka 1923 daktari wa Serikali aliyekagua Lusanga aliandika habari mbaya: watu walikosa blanketi, walikosa chakula kizuri, na magonjwa ya tumbo yaliwaua.

Ni kweli kwamba kampuni ilijenga hospitali, na shule zilizofundishwa na wamisioni. Watu wengine walitibiwa humo, na watoto wengine walijifunza kusoma humo. Lakini hospitali haiondoi kosa la kumlazimisha mtu kazi. Na mtu yuleyule aliyejenga bustani mbele ya nyumba za wafanyakazi wa Port Sunlight, huku Kongo aliridhika na kambi zile. Alifikiri kwamba watu wa Kongo ni kama watoto, nao wapaswa kufundishwa kazi na Wazungu. Katika jambo hilo alikosa sana, maana hata kabla hajaja, watu wa Kwilu walikuwa wakilima, wakikamua mawese, na kufanya biashara mtoni.

Mithali yasema: mchumia juani hulia kivulini. Lakini waliochuma juani huko Kwilu hawakupata kivuli. Waliokula kivulini walikuwa wengine.

VII. Visiwa, samaki, na deni kubwa

Hata uzeeni Lever hakupumzika. Wakati wa vita vya mwaka 1914 alianza kutengeneza margarini. Mwaka 1918 alinunua kisiwa cha Lewis, upande wa Skotlandi, na mwaka uliofuata kisiwa cha Harris kilicho jirani. Wenyeji wa visiwa hivyo walikuwa maskini, wenye mashamba madogo na mashua za uvuvi. Lever alitaka kujenga bandari, viwanda vya kutilia samaki makoponi, na njia za gari. Ili apate kuuza samaki hao, aliunda kampuni Mac Fisheries, ikawa na maduka zaidi ya 300 katika miji ya Uingereza. Mwaka 1922 alinunua pia kampuni ya Wall's, iliyouza soseji na, baadaye, barafu tamu.

Lakini watu wa Lewis walikuwa wamerudi kutoka vitani, nao wakati wa vita walikuwa wameahidiwa ardhi. Hawakutaka kuwa vibarua wa kiwanda. Walitaka mashamba yao. Wengine waliingia katika ardhi yake kwa nguvu, wakajigawia wenyewe. Lever alibishana nao, akashindwa. Mwaka 1923 aliondoka Lewis, akawapa watu wa mji wa Stornoway mji wao na nchi inayouzunguka kama zawadi. Angalieni tofauti: watu wa Lewis walipokataa, Lever alikwenda zake. Watu wa Kwilu walipokataa, waliletewa askari.

Pigo lingine lilimpata mwaka 1920. Alinunua Kampuni ya Niger, yenye biashara kubwa huko Nigeria, kwa paundi zaidi ya milioni 8. Alifanya haraka, hakuchungua vitabu vya hesabu vizuri. Baada ya kununua aligundua kwamba kampuni ile ina deni kubwa benki, karibu paundi milioni 2. Mara bei ya mafuta ikaanguka dunia nzima. Mali yote ya Lever ikatikisika. Alilazimika kumwita fundi wa hesabu, jina lake D'Arcy Cooper, kupunguza matumizi na kutengeneza mambo. Mtu aliyezoea kuamua yote peke yake ilimbidi asikilize wengine.

Pamoja na hayo alitoa zawadi nyingi. Huko Port Sunlight alijenga nyumba kubwa ya picha na vitu vya sanaa, kwa kumbukumbu ya mke wake. Ilifunguliwa mwaka 1922. Mji wa Bolton aliupa bustani kubwa ya kutembelea watu.

VIII. Mwisho wake

Mwisho wa mwaka 1924, akiwa na miaka 73, alikuja tena Kongo. Alitazama viwanda vyake kwa mara ya mwisho, akarudi kwao mwaka 1925. Baada ya muda mfupi alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Tarehe 7 Mei 1925 alifariki katika nyumba yake ya London. Alizikwa Port Sunlight, karibu na mke wake.

Kampuni yake haikufa naye. Tarehe 1 Januari 1930 iliungana na kampuni ya margarini ya Waholanzi, ikaitwa Unilever. Nayo imekuwa mojawapo ya kampuni kubwa duniani.

Lakini huko Kwilu kilio hakikwisha. Baada ya mwaka 1929 bei ya mafuta ilianguka vibaya, na kampuni ikapunguza malipo ya wakata-ngazi, huku kodi ikidaiwa kama kawaida. Mwaka 1931 Wapende waliasi. Mtumishi wa Serikali, jina lake Maximilien Balot, aliuawa. Serikali ilituma askari wenye bunduki, nao wakawaua Wapende zaidi ya 500. Wengi wao walikuwa na mishale tu mikononi. Lever alikuwa amekwisha kufa miaka sita, lakini kazi aliyoianzisha ndiyo iliyofikisha watu huko.

Miaka ilipita, Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na majina ya kigeni yalifutwa. Leverville ikawa tena Lusanga, Elisabetha ikawa Lokutu. Mwaka 2009 Unilever iliuza mashamba yake ya michikichi ya Kongo.

IX. Tufikiri

Maisha ya mtu huyu yanatufundisha mambo mawili, wala tusishike moja na kuacha la pili.

La kwanza: kazi ndogo si ya kudharauliwa. Kijana aliyekata sabuni dukani aliijua sabuni kuliko wote, na maarifa hayo yalimpandisha. Alitazama shida ya mama anayefua, akatafuta dawa yake. Mtu asiyetazama shida za wengine hapati la kuwauzia.

La pili: ubora wa bwana haupimwi kwa nyumba alizojenga karibu na macho yake tu. Hupimwa pia kwa hali ya yule mfanyakazi aliye mbali kuliko wote, ambaye bwana hamwoni, wala hajui jina lake. Lever aliwakumbuka watu wa Port Sunlight kila siku. Mkata-ngazi wa Kwilu alimkumbuka kwa hesabu ya tani.

Baadhi yenu siku moja mtakuwa wenye duka, wenye shamba, au wakubwa wa kazi. Kumbukeni basi kwamba mshahara wa haki ni deni, si zawadi. Na kazi ya shuruti haigeuki kuwa njema kwa kujengewa hospitali pembeni.

Maulizo

1. Lever alizaliwa wapi, na mwaka gani? Baba yake alifanya kazi gani?
2. Kwa nini Lever aliipa sabuni yake jina?
3. Eleza namna sabuni inavyopatikana.
4. Nyumba za Port Sunlight zilikuwa na uzuri gani? Wafanyakazi wengine walilalamikia nini?
5. Kwa nini kiwanda cha mawese lazima kiwe karibu na michikichi?
6. Taja njia tatu zilizotumiwa kuwalazimisha watu wa Kwilu wakate ngazi.
7. Linganisha watu wa Lewis na watu wa Kwilu: walitaka nini, na walifanyiwa nini?
8. Uliza wazee wa kijini kwenu namna walivyokamua mawese zamani, kisha andika sentensi tano.